Mwaridi wa Nchi ya Theluji: Tazama Jani Kabla ya Kunusa Ua

Mwezi Mei, theluji ikishasahaulika, maduka ya bustani ya Minneapolis na Saint Paul hupanga miwaridi milangoni, kila mche na ua moja au mawili yaliyoharakishwa ndani ya nyumba ya kioo ili yamteke mnunuzi. Mtu aliyekulia Lamu, Tanga au Unguja akipita hapo hawezi kujizuia: huinama, hufumba macho, huvuta pumzi. Watu wa pwani tumezoea kulipima ua kwa pua. Asumini, kilua na mkadi havikupendwa kwa sura, na waridi lenyewe wengi wetu tulilijua kwanza likiwa ndani ya chupa, marashi ya kunyunyizwa kwa mrashi harusini na kwenye maulidi. Basi ua likinukia vizuri pochi hufunguka, mche unapakiwa garini, na Aprili inayofuata kilichosimama bustanini ni vijiti vyeusi.

Ushauri wangu ni kuupindua mpangilio huo. Pua iulizwe mwisho. Kinachostahili kutazamwa kwanza ni jani, tena jani la mwisho wa Agosti, kwa sababu jani la Mei ni zuri kwenye kila mche.

Wengi hudhani baridi na magonjwa ni mitihani miwili isiyohusiana: kuna mwaridi unaostahimili theluji na kuna mwaridi usiougua. Kwa mmea, mambo haya mawili yameshikana. Jani ndilo linalotengeneza sukari, na kuanzia Agosti hadi Oktoba mwaridi huishusha sukari hiyo kwenye shina na mizizi, ikawa ghala la kuvukia miezi mitano ya baridi. Ugonjwa ukiyaangusha majani Julai, mwaridi hulazimika kuchipua upya kwa kutumia akiba uliyokuwa nayo, na vichipukizi hivyo vichanga havipati muda wa kukomaa kabla barafu haijaingia. Hivyo ndivyo mwaridi ulioandikwa kwenye lebo kuwa unavumilia baridi ya Minnesota unavyokufa Minnesota, na mwenye bustani akailaumu Januari wakati kifo kilianza kiangazi.

Adui mkubwa hapa ni madoa meusi, ugonjwa unaoletwa na kuvu aitwaye Diplocarpon rosae. Utaona madoa meusi yenye kingo zilizochanikachanika, kisha jani linageuka njano na kuanguka, kuanzia chini ya kichaka kupanda juu. Mbegu za kuvu huyu zinahitaji jani libaki na unyevu kwa saa saba hivi au zaidi ili ziote, na usiku wa Julai wenye umande na mvua za radi unampa saa hizo bila shida. Kuna jambo moja ambalo wauza miche hawalisemi sana: kuvu huyu ana aina nyingi, na mwaridi unaoishinda aina ya Uingereza au ya Oregon unaweza kushindwa kabisa na aina iliyopo mtaani kwako. Kwa hiyo neno la jirani mwenye mwaridi usiopigwa dawa lina uzito kuliko picha ya kwenye katalogi.

Ubwiri unga, ambao wakulima wa korosho wa Mtwara wanaujua kwa sura nyingine, nao hushambulia miwaridi. Unaleta vumbi jeupe kwenye majani machanga na vikonyo vya maua. Hauhitaji jani lililolowa. Unachafua sura ya mmea, lakini ni nadra kuuvua majani yote, kwa hiyo nikilazimika kuvumilia ugonjwa mmoja, huo ndio nitakaouvumilia. Kutu ni tatizo zaidi la pwani ya Pasifiki. Na ukiona mwaridi umetoa rundo la vichipukizi vyekundu vilivyojikunjakunja, vyenye miiba isiyo na idadi, ung'oe pamoja na mizizi, uutie mfukoni na kuutupa: ni ugonjwa wa virusi unaosambazwa na utitiri wapeperushwao na upepo, na hauna tiba.

Mahali pa kujifunza ni bustani za umma. Minneapolis ina bustani ya waridi ya Lyndale Park, karibu na ziwa Harriet, iliyoanzishwa mwanzoni mwa karne ya 20, mojawapo ya zile kongwe zaidi Marekani. Nenda Juni kwa ajili ya pua, urudi wiki ya mwisho ya Agosti kwa ajili ya macho, ukaandike majina ya miwaridi iliyobaki na majani hadi chini. Ila uwaulize wafanyakazi maswali mawili: mnapiga dawa ya ukungu, na mnaifukia miwaridi wakati wa baridi? Jibu likiwa ndiyo kwa yote mawili, ulichokiona ni kazi ya watunza bustani, si nguvu ya mmea.

Sasa baridi yenyewe. Marekani imegawanywa katika kanda kwa ramani ya Wizara ya Kilimo, na kanda ya 4 maana yake ni mahali ambapo usiku mkali kuliko wote wa mwaka hushuka, kwa wastani, kati ya nyuzi 29 na 34 za Selsiasi chini ya sifuri. Ramani ya mwaka 2023 iliihamishia sehemu kubwa ya miji hii miwili kwenye kanda ya 5, na maduka yakafurahi kuanza kuuza miwaridi laini zaidi. Mimi sikufurahi. Wastani ni wastani. Mwisho wa Januari 2019 uwanja wa ndege wa Minneapolis ulipima karibu nyuzi 33 chini ya sifuri, na usiku mmoja wa namna hiyo unatosha. Endelea kununua wa kanda ya 4, au wa 3 ukiishi Duluth au Fargo. Walioko Kanada wana ramani yao ambayo namba zake hazilingani sawasawa na hizi. Walioko Uswidi waangalie zaidi, maana huko hesabu inakwenda kinyume: kanda ya 1 ndiyo ya kusini yenye nafuu na ya 8 ndiyo ya kaskazini kabisa. Ukisoma kitabu cha Kimarekani ukiwa Umeå, namba hizo zitakupoteza.

Kabla ya kutaja majina ya miwaridi, geuza chungu utazame shina. Miche mingi ni ya kubebeshwa: juu ni waridi ulilolipenda, chini ni mizizi ya mwaridi mwingine. Marekani mwaridi huo wa chini mara nyingi ni 'Dr. Huey', uliopewa jina la daktari wa meno wa Philadelphia. Baridi ikiua sehemu ya juu, mizizi hiyo hujichipulia yenyewe, na mwenye bustani anashangaa mwaridi wake wa pinki "umegeuka" na kutoa maua mekundu ya damu ya mzee, mara moja tu kwa mwaka, yasiyo na harufu ya maana na yenye madoa meusi tele. Haujageuka kitu, wake umekufa na mgeni amerithi nyumba. Tafuta mche uliooteshwa kwa kipandikizi, wenye mizizi yake mwenyewe. Huo hata ukichomwa na baridi hadi ardhini, kitakachochipua ni kile kile ulichokinunua. Ukikosa, zamisha mahali palipobebeshwa kiasi cha sentimita 10 chini ya udongo, hata kama lebo inasema vinginevyo, maana lebo nyingi zimeandikwa zikimfikiria mtu wa California.

Jambo la pili la kuuliza ni kama mwaridi unachanua kwenye tawi la mwaka jana au kwenye tawi jipya. Miwaridi mingi ya kale huchanua mara moja, Juni, kwenye matawi ya zamani. Kama matawi hayo hayavuki baridi, utakuwa na kichaka kizuri cha majani miaka yote bila ua hata moja. Mwaridi unaorudia kuchanua hutoa maua kwenye tawi jipya, kwa hiyo hata ukikatwa na baridi usawa wa theluji, Julai utakuwa na kitu.

Ningekuwa na nafasi ya mwaridi mmoja tu, ningepanda rugosa, na katika rugosa ningechagua 'Hansa', mwaridi wa Kiholanzi wa mwaka 1905. Ua lake ni la zambarau iliyoiva, limelegea kidogo, wala halitashinda mashindano ya urembo. Lakini harufu yake ina karafuu ndani, karafuu kweli, hata mtu wa Pemba ataitambua bila kuambiwa. Asili ya rugosa ni fukwe za Japani, Korea na mashariki ya Urusi, ndiyo maana unavumilia nyuzi 40 chini ya sifuri, upepo, mchanga, na hata chumvi inayomwagwa barabarani kuyeyusha barafu. Majani yake yamekunjamana na ni mazito, na madoa meusi huyapata kwa nadra. Ukipenda mweupe kuna 'Blanc Double de Coubert' wa Ufaransa, ambao harufu yake inafika kabla hujafika, ingawa mvua huyafanya maua yake yaonekane kama karatasi iliyolowa. Na kuna 'Thérèse Bugnet', uliotolewa mwaka 1950 na Georges Bugnet, mwandishi wa riwaya mzaliwa wa Ufaransa aliyehamia Alberta, Kanada, akawa mkulima. Matawi yake mekundu hupendeza juu ya theluji wakati hakuna ua lolote.

Rugosa ina masharti. Usiipige dawa: salfa na dawa nyingine za ukungu huyaunguza majani yake. Ina miiba ya kumtisha mbuzi, na husambaa kwa machipukizi ya mizizi, kwa hiyo usiipande kando ya njia ya watoto. Kwenye udongo wenye chokaa nyingi majani huwa ya njano huku mishipa ikibaki kijani. Na wasomaji wa nchi za Nordiki wanisikilize: huko rugosa imetoroka bustanini na kuvamia fukwe. Norwei imepiga marufuku kuiuza, na Finland tangu 2022 hairuhusu hata kuiotesha, isipokuwa aina chache za machotara zilizosamehewa. Ukikuta mtu anakupa chipukizi bure Helsinki, mshukuru ukatae.

Kwa hao, na kwa yeyote mwenye kivuli cha nusu siku, kuna miwaridi ya Alba. Majani yake yana rangi ya kijani kijivu na ni kati ya yenye afya kuliko yote ya zamani, nayo huvumilia kanda ya 4 matawi yakibaki hai. 'Königin von Dänemark' na 'Maiden's Blush' yananukia kwa upole wa marashi mazuri, si kwa kelele. Huchanua mara moja. Watu hulalamikia hilo, nami sioni sababu: hakuna anayeulaumu mwembe kwa kutozaa mwaka mzima.

Waridi la marashi hasa ni la Damaski, na hapa wengi wana wazo potofu kwamba ni ua la joto kwa sababu linatoka Uarabuni. Miwaridi ya Oman inalimwa Jabal Akhdar, kwenye matuta ya mlimani kiasi cha mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, ambako baridi ya Januari inaweza kugandisha maji. Bulgaria wanalima wa 'Kazanlik' kwenye bonde lenye theluji. Mwaridi huu utakubali kanda ya 4 ukipata mahali penye kinga ya upepo. Majani yake si imara kama ya Alba, na mwaka wenye mvua nyingi utaona madoa. Mimi huusamehe kwa sababu ya harufu. Wewe ukiwa mtu wa kutaka kila jani liwe safi, upite.

Kanada ndiyo iliyoifanya kazi hii kwa mpango. Felicitas Svejda, mtafiti wa serikali mjini Ottawa, alizalisha miwaridi iliyopewa majina ya wavumbuzi, akiichuja kwa baridi na magonjwa kwanza. Harufu haikuwa shabaha yake ya mbele, na inaonekana: 'William Baffin' ni mpandaji hodari wa kufunika ukuta mzima, lakini ukiusogelea ni kama kunusa maji. 'Henry Hudson' wa 1976, mfupi, mweupe, damu ya rugosa, unanukia. 'John Davis' wa 1986 unanukia kiasi. Huku Marekani, Griffith Buck wa Chuo Kikuu cha Iowa State aliacha miwaridi yake bila dawa na bila kuifunika, uliokufa ukafa, akaendelea na iliyobaki. 'Carefree Beauty' wa 1977 ni wa kuaminika. 'Quietness', uliotolewa baada ya yeye kufariki mwaka 1991, ndio wenye harufu nzuri. 'Distant Drums' una rangi ya ajabu, kahawia inayoishia zambarau, na harufu inayokaribia shamari; Minnesota huchomwa hadi usawa wa theluji kisha hurudi. Kwenye sanduku au ukingo wa njia, 'Sven' wa Chuo Kikuu cha Minnesota ni mdogo, una maua mafungu mafungu, na unanukia kuliko umbo lake linavyoahidi.

Vipi kuhusu 'Knock Out', unaopandwa kila maegesho ya magari? William Radler wa Wisconsin aliutoa mwaka 2000 na ulibadilisha biashara nzima kwa afya ya majani yake. Ni mwaridi mzuri kwa anayetaka rangi. Harufu karibu hakuna, basi kwetu hauna kazi. Na waridi za Kiingereza za David Austin? Zinanukia, hilo halina ubishi. Lakini 'Gertrude Jekyll', ambao kwa pua ni malkia, katika kiangazi cha unyevu cha huku huvuliwa majani. 'Olivia Rose Austin' una afya zaidi. Panda mmoja, uwe wa mizizi yake, uuzamishe, na uuchukulie kama anasa. Walioko Ujerumani na jirani zake wana bahati ya alama ya ADR, inayotolewa baada ya majaribio ya miaka kadhaa bila dawa. Ukiiona kwenye lebo, swali la jani limeshajibiwa, umebakiwa na pua.

Kuna wanaosema harufu na afya haviwezi kukaa kwenye mwaridi mmoja. 'Hansa' inawakanusha tangu 1905. Kilichotokea ni kwamba wazalishaji walitafuta mambo mengine. Nunua waridi la Naivasha kwenye duka la vyakula Stockholm: bua refu, petali nene, limesafiri kwa ndege na litakaa kwenye chombo wiki nzima, nalo halinukii karibu kitu. Halikuharibika njiani. Lilichaguliwa kwa safari na kwa chombo, na aliyelichagua hakulipwa kwa harufu.

Harufu ina gharama moja ambayo ni haki kuitaja. Julai huja mbawakawa wa Kijapani, mwenye mgongo wa rangi ya shaba, na hupenda maua yanayonukia. Mitego inayouzwa dukani huwekwa chambo chenye geranioli na eugenoli, harufu zile zile za waridi na karafuu. Kwa hiyo mtego ni kadi ya mwaliko kwa mbawakawa wa mtaa mzima. Usiutundike. Asubuhi wakiwa wazito kwa ubaridi, wapukute kwenye ndoo ya maji ya sabuni.

Kupanda hakuna siri kubwa. Jua la saa sita au zaidi, na likiwa la asubuhi ni bora kwa sababu hukausha umande mapema. Acha nafasi upepo upite. Mwagilia shinani, si majani. Weka matandazo, na vuli uzoe majani yote yaliyoanguka, maana kuvu hulala humo. Mbolea ya mwisho iwe mwanzoni mwa Agosti. Ukichelewa unaalika vichipukizi visivyokomaa. Septemba acha kukata maua yaliyonyauka ili matunda yafungike, kwani hapo mmea hupunguza kukua na kujiandaa. Endelea kumwagilia mpaka ardhi igande. Novemba lundika udongo sentimita 25 hadi 30 kuzunguka shina, kisha wavu wa waya, kwa sababu sungura wa Minnesota wakikosa kingine hutafuna matawi ya mwaridi. Rugosa na Alba hazihitaji lundo hilo. Wenyeji wana mbinu yao ya kuulaza mwaridi mzima kwenye handaki na kuufukia. Naiheshimu, lakini mwaridi unaohitaji kuzikwa kila mwaka si wa mtu mwenye kazi mbili.

Aprili usiwe na haraka ya kung'oa. Kwangua gome kwa ukucha: kijani ni uhai. Hata ukikuta kahawia, subiri hadi mwisho wa Mei, maana mwaridi wa mizizi yake unaweza kuchelewa sana kisha ukatokeza kutoka chini.

Faida ya kuchagua kwa jani huonekana jikoni. Kichaka kisichopigwa dawa kinaweza kutoa petali za kutia kwenye chai, sharubati au marashi. Zichume asubuhi umande ukishakauka na kabla jua halijakuwa kali. Ziweke kwenye sufuria pana na maji ya kuzifunika tu, katikati uweke bakuli juu ya kigae, funika kwa mfuniko uliogeuzwa chini juu, na juu ya mfuniko uweke barafu. Chemsha kwa moto mdogo. Mvuke utageuka matone kwenye mfuniko na kudondokea bakulini, na hayo ndiyo marashi. Usitarajie halwaridi, mafuta yake yanahitaji tani kadhaa za maua kwa kilo moja. Mche wa dukani usiutumie hivyo mwaka wa kwanza, kwa sababu vitalu vingi hupiga dawa, na zile zinazomwagwa mizizini husambaa mmea mzima hadi kwenye petali. Kwa mche uliopandwa Mei hii, marashi ni ya mwaka kesho.